Fildi si hisani: mwajiri na mwanafunzi wa biashara wanavyofaidiana

Kila ifikapo Julai, mapokezi ya ofisi nyingi nchini Tanzania hujaa vijana waliovalia kiofisi, mikononi wameshika bahasha za kaki. Ndani ya kila bahasha mna barua ya chuo inayomtambulisha mwanafunzi na kuomba apokewe kwa mafunzo kwa vitendo. Vijana hao huzunguka kwenye matawi ya benki, halmashauri, kampuni za ukaguzi wa hesabu, ofisi za bima, viwanda vya unga na maduka ya jumla ya Kariakoo. Wenyewe husema wanatafuta fildi. Wenzao wa Kenya hutafuta atachimenti, na hekaheka ni ileile.

Upande wa pili wa meza, mkuu wa ofisi mara nyingi huipokea barua hiyo kama ombi la msaada. Huangalia kama kuna kiti cha ziada, humuuliza mhasibu kama anaweza kukaa na kijana kwa miezi miwili, kisha hugonga muhuri. Mwanafunzi hushukuru, huripoti Jumatatu, na wiki ya kwanza humwishia kwenye mashine ya fotokopi.

Hapo ndipo pande zote mbili huanza kupata hasara. Wiki nane za kazi halisi humpa mwanafunzi mambo ambayo mhadhara hauwezi kumpa. Mwajiri naye hupata nafasi ya kumjua mtu kabla ya kumwajiri, pamoja na mikono ya kumalizia kazi zilizolala kabatini muda mrefu. Anayeichukulia fildi kama hisani huiacha faida hiyo mlangoni kwake mwenyewe.

Vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya ofisi

Elimu ya juu ya biashara nchini Tanzania ilikua kwa sababu ofisi zilihitaji watu. Baada ya Uhuru, nchi ilitaka wahasibu, maofisa ugavi, maofisa wa benki na mameneja wake yenyewe. Mwaka 1965 kikaanzishwa Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, jijini Dar es Salaam. Mwaka 1972 kikafuata Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka huohuo kule Mzumbe, Morogoro, kikaundwa chuo cha uongozi wa maendeleo ambacho mwaka 2001 kilipanda na kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha biashara na menejimenti mwaka 1979, na tangu 2008 kitivo hicho kinajulikana kama Shule Kuu ya Biashara. Kote huko lengo lilikuwa moja: kutoa mtu anayeweza kukaa kwenye dawati siku ya kwanza na kufanya kazi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, kumbi za mihadhara zilijaa. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu mbele yake anaweza kueleza kanuni za uhasibu vizuri sana, lakini hawezi kumpa kila mmoja faili la mteja msumbufu. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lilitoa matokeo ya utafiti uliowauliza waajiri wa ukanda huu wanawaonaje wahitimu. Vyombo vya habari viliripoti kuwa sehemu kubwa ya wahitimu walionekana hawajaiva kwa kazi: asilimia 63 Uganda, 61 Tanzania, 55 Burundi, 52 Rwanda na 51 Kenya. Takwimu hizo zilizua mjadala mkali, na suala la mafunzo kwa vitendo likarudi mezani.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Shahada ya biashara Tanzania kwa kawaida ni ya miaka 3, na fildi hufanyika wakati wa likizo ndefu, mara nyingi kwa wiki nane hivi. Mwanafunzi hupewa kitabu cha kuandika kazi za kila siku, maarufu vyuoni kama logibuku. Anakuwa na wasimamizi wawili: mmoja wa ofisini anayemgawia kazi na kumpima, mwingine wa chuoni anayekuja kumtembelea. Mwishoni huandika ripoti, na alama zake huingia kwenye matokeo ya shahada. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanza kazi mwaka 2005, huweka mafunzo kwa vitendo miongoni mwa gharama zinazoweza kukopeshwa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko fildi yuko masomoni kama aliyeko darasani.

Hesabu moja kwa karibu

Njia fupi ya kuona faida ni kuitazama kazi moja hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, na kazi ya usuluhishi wa hesabu za benki, ambayo kila mwanafunzi wa uhasibu ameshaifanyia mtihani.

Mwisho wa mwezi, daftari la fedha la duka linasema benki kuna shilingi 18,450,000. Taarifa ya benki inasema kuna 16,900,000. Zimepishana kwa 1,550,000. Darasani, swali lingekuja na sababu zote zimeorodheshwa, na kazi ingebaki kujumlisha na kutoa. Dukani hakuna orodha. Kuna faili la stakabadhi, vishina vya kitabu cha hundi, simu ya Lipa namba, na keshia ambaye wateja wamemsonga.

Mwanafunzi anaanza kuweka tiki, mstari kwa mstari. Anakuta shilingi 2,000,000 zilizopelekwa benki jioni ya siku ya mwisho wa mwezi, ambazo benki iliziingiza tarehe 2. Anakuta hundi ya 700,000 aliyoandikiwa msambazaji wa saruji, ambaye bado hajaipeleka benki. Akizirekebisha hizo, upande wa benki unasoma 18,200,000, lakini daftari bado liko juu. Anarudi kwenye taarifa ya benki. Kuna makato ya 45,000 ambayo hakuna aliyeyaandika. Kuna 150,000 alizoweka mteja moja kwa moja, na penye jina pana namba ya simu tu. Kisha kuna hundi ya mteja ya 355,000 iliyorudishwa kwa kukosa fedha wiki tatu zilizopita, na dukani hakuna aliyeshtuka. Akiziingiza zote kwenye daftari, nalo linasoma 18,200,000.

Hesabu imekubali, ila kazi haijaisha. Ile 150,000 ni ya nani? Nani atampigia simu mwenye hundi iliyorudi, ambaye ni mteja wa siku nyingi na rafiki wa mwenye duka? Mwanafunzi hana mamlaka ya kuamua, hivyo anaandika maelezo ya nusu ukurasa, anampelekea mhasibu, na anashuhudia jinsi jambo la fedha linavyozungumzwa bila kuvunja uhusiano. Somo hilo halimo kwenye kitabu chochote cha uhasibu. Mwenye duka, kwa upande wake, amejua kuwa 355,000 alizodhani ziko benki hazipo, na kwamba hundi zinazorudi hazina mtu wa kuzifuatilia. Kwa kazi ya siku mbili au tatu, kila mmoja ameondoka na chake.

Anachopata mwajiri

Faida kubwa ya kwanza iko kwenye kuajiri. Usaili wa nusu saa unaonyesha jinsi mtu anavyojibu maswali. Wiki nane zinaonyesha jinsi anavyofanya kazi: anafika saa ngapi siku ya mvua, anasema nini akikosea, anauliza asipoelewa au ananyamaza, na akiona orodha ya mishahara anaifunga au anaipiga picha. Kumwajiri mtu asiyefaa ni gharama: mshahara wa miezi kadhaa, makosa yake, muda wa kumfundisha, kisha tangazo jipya la kazi. Mwajiri aliyekaa na mwanafunzi mzuri anajua wa kumpigia simu siku nafasi ikitokea, na kijana huyo hatahitaji kuonyeshwa stoo iko wapi.

Faida ya pili ni kazi zilizolala. Karibu kila ofisi inazo. Orodha ya wadaiwa haijapangwa kwa umri wa deni, kadi za stoo hazilingani na bidhaa zilizo rafuni, na mafaili ya wateja hayana namba za simu zinazopatikana. Mauzo ya miaka mitatu yako kwenye madaftari ya mkono, na mwenye biashara angependa kujua bidhaa ipi inatoka zaidi mwezi upi. Wafanyakazi wa kudumu hawazifikii kwa sababu wateja hawaishi. Kwa mwanafunzi wa biashara hizo ni kazi zenye mwanzo na mwisho, zinazotosha ndani ya wiki sita hadi nane, na matokeo yake hubaki ofisini baada ya yeye kuondoka.

Biashara ndogo huenda ndizo zinazonufaika zaidi, ingawa ndizo zinazofikiriwa mwisho. Wanafunzi hukimbilia benki kubwa na mashirika yenye majina, ambako mara nyingi watakuwa kumi kwenye chumba kimoja. Duka la watu watano lisilo na mhasibu wa kudumu, chama cha akiba na mikopo cha wilayani au kiwanda kidogo cha alizeti Singida kitampa kijana mmoja kazi ya kutosha kuanzia saa 2 asubuhi, na mwenye biashara atapata hesabu zilizopangika kuliko alivyowahi kuwa nazo.

Faida nyingine hazionekani haraka. Ofisa wa kawaida anayepewa mwanafunzi wa kumsimamia hujifunza kugawa kazi, kukagua na kusahihisha bila kukaripia, na huko ndiko kupikwa kwa kiongozi wa idara wa baadaye. Mwanafunzi naye huja na macho mapya. Atauliza kwa nini fomu moja inajazwa mara tatu, au kwa nini oda za wateja zinaandikwa kwenye karatasi wakati zimeshatumwa kwa WhatsApp. Wenyeji walishazoea kiasi cha kutoliona jambo hilo.

Anachopata mwanafunzi

Kwa mwanafunzi, jambo la kwanza ni kukutana na mifumo inayotumika kweli. Ofisi za umma zinalipa kupitia mfumo wa MUSE. Ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST tangu 2023, mwaka ambao pia ilipitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Wafanyabiashara wamekuwa wakitumia mashine za EFD kutoa risiti tangu 2010. Mtaala wa chuo hupitiwa kila baada ya miaka kadhaa, wakati mfumo wa ofisini unaweza kubadilika kati ya Januari na Juni. Mwanafunzi wa ugavi aliyekaa halmashauri akaona zabuni inavyotangazwa, inavyofunguliwa na kutathminiwa kwenye mfumo ana habari ambazo kitabu chake cha mwaka juzi hakina.

Jambo la pili ni kujijua. Wapo wanaoingia chuoni wakiwa na hakika kwamba watakuwa wakaguzi wa hesabu, na wiki ya tatu ya kuhesabu mali za kampuni ghalani huwaonyesha kuwa wanapenda zaidi kuongea na wateja. Kuna pia aliyedhani masoko ni matangazo ya televisheni, kisha akagundua kuwa ni kuzunguka madukani kuuliza kwa nini bidhaa haitoki. Kugundua hilo mwaka wa 2 kunamwachia nafasi ya kubadili mkondo, kuchagua masomo ya hiari kwa busara na kupata mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho.

Halafu kuna ajira yenyewe. Nchini Marekani wachumi wanne, John Nunley, Adam Pugh, Nicholas Romero na Alan Seals, walifanya jaribio walilolichapisha mwaka 2016. Walituma zaidi ya maombi 9,000 ya kubuni kwa kazi za benki, fedha, bima, menejimenti, masoko na mauzo. Baadhi ya wasifu ulionyesha shahada ya biashara na mwingine shahada nyingine kabisa; baadhi ulionyesha kuwa mwombaji aliwahi kufanya kazi ya mafunzo akiwa mwanafunzi, na mwingine haukuonyesha. Shahada ya biashara peke yake haikuwaongezea waombaji nafasi ya kuitwa kwenye usaili. Mafunzo kazini yaliongeza nafasi hiyo kwa takriban asilimia 14.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Yemen, watafiti wa Benki ya Dunia walifuatilia mpango ambao serikali iliwalipia waajiri nusu ya posho ya wahitimu waliowapokea kwa mafunzo. Waajiri wenyewe waliomba zaidi wahitimu wa biashara na masoko, huku wa sayansi na uhandisi wakibaki wengi. Waombaji wakachaguliwa kwa bahati nasibu, jambo lililowezesha kuwalinganisha kwa haki waliopata na waliokosa. Mwaka 2014 waliopata walijizolea kipato kikubwa kuliko wenzao kwa asilimia 73, na miezi mitano baada ya mpango kwisha walikuwa bado na hali bora ya ajira, ingawa vita vilikuwa vinaanza kuikumba nchi.

Fildi hurudisha faida hata darasani. Mwaka 2004 Alexandros Mandilaras alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kuonyesha kuwa waliokwenda kazini kwa mwaka mmoja katikati ya masomo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza na daraja la juu. Ni kweli kuwa wenye bidii ndio hujitokeza zaidi kwenda kazini, kwa hiyo si alama zote za ziada zinatokana na kazi. Hata hivyo, wahadhiri wengi wa Afrika Mashariki watakubali kuwa mwanafunzi anayerudi Oktoba huuliza maswali tofauti na yule aliyeondoka Julai.

Tangu Cincinnati hadi Stuttgart

Wazo la kuchanganya chuo na kazi lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Herman Schneider, wa Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliwapanga wawiliwawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kiwandani, wiki ijayo wanabadilishana. Kiwanda hakikubaki na pengo, na mwanafunzi hakukaa mbali na kazi muda wa kutosha kuisahau. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilizaliwa na mfumo wa namna hiyo, wa kupokezana mihula ya masomo na mihula ya kazi yenye malipo, na baadaye ukawafikia wanafunzi wa uhasibu na fedha.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1974, katika jimbo la Baden-Württemberg, kampuni zikiwemo Bosch na Daimler-Benz zilishirikiana na serikali ya jimbo kuanzisha chuo ambacho mwanafunzi wake husaini mkataba na mwajiri kwanza. Hukaa darasani takriban miezi mitatu, kisha kazini miezi mitatu, kwa miaka 3 mfululizo, na hulipwa muda wote. Mwaka 2009 mfumo huo ukawa chuo kikuu kamili, DHBW, chenye makao makuu Stuttgart, na leo una kampuni na taasisi washirika takriban 9,000. Biashara ni moja ya fani zake kuu. Kampuni hizo zinakubali kulipa kwa sababu mwishoni zinapata mhitimu anayejua bidhaa zao, wateja wao na namna yao ya kufanya kazi.

Karibu na nyumbani kuna mfano wa Equity Bank ya Kenya. Tangu 1998 benki hiyo imekuwa ikiwachukua vijana waliofaulu vizuri zaidi mtihani wa kidato cha nne katika maeneo yao, wavulana kwa wasichana, na kuwapa kazi yenye malipo kwenye matawi yake kabla hawajaingia chuo kikuu. Kijana aliyetoka shule ya kijijini anajifunza kuhudumia foleni, kufungua akaunti na kuongea na mkulima anayeomba mkopo. Malipo humsaidia kujiandaa na chuo. Benki nayo hujenga uhusiano wa muda mrefu na vichwa vinavyong'ara, na baadhi yao hurudi kama wafanyakazi.

Pale inapoharibika

Fildi nyingi bado hazifikii viwango hivyo, na sababu zinajulikana.

Ya kwanza ni msongamano. Vyuo vingi hufunga wakati mmoja, kwa hiyo ofisi hupokea umati kati ya Julai na Septemba na kukaa miezi mingine yote bila mwanafunzi hata mmoja. Msimamizi mwenye vijana kumi hawezi kumfundisha hata mmoja. Vyuo vikipanga makundi yapokezane kwa mwaka mzima, kama Schneider alivyofanya, nafasi zilezile zitahudumia wanafunzi wengi zaidi na kila mmoja atapata kazi ya kufanya.

Ya pili ni kukosa mpango. Mwanafunzi anapokelewa bila kuandaliwa kazi wala mtu wa kumsimamia. Hupewa faili la kupeleka ghorofa ya tatu, hutumwa chai, na jioni hujaza logibuku kwa maneno makubwa kuhusu kazi ambazo hakuzifanya. Msimamizi wa chuo huja mara moja, hukaa dakika ishirini, husaini na kuondoka. Alama zinatolewa, ujuzi haupo.

Ya tatu ni fedha. Mwenye mkopo wa fildi ana afadhali, ila si wote waliokopeshwa, na fedha huweza kuchelewa. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, chakula cha mchana na nguo za ofisini ni mzigo kwa familia nyingi. Ofisi isiyoweza kulipa posho inaweza walau kumweka kwenye gari la wafanyakazi au kumjumuisha kwenye chakula cha mchana. Vinginevyo nafasi nzuri huishia kwa wenye ndugu mjini.

Ya nne ni nzito zaidi. Mwanafunzi hana mkataba wa kudumu, anahitaji saini na alama, na baadhi ya wenye mamlaka hutumia unyonge huo kudai ngono. Nchini Tanzania hilo ni kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inahusu rushwa ya ngono, na TAKUKURU hupokea taarifa zake. Kila mwanafunzi anapaswa kuondoka chuoni akiwa na namba ya simu ya mtu wa kumweleza, na chuo kiwe tayari kumhamisha mara moja bila kumpotezea mwaka.

Fedha ambazo mwajiri ameshalipa

Waajiri wengi husema mafunzo ni gharama. Ukweli ni kwamba gharama hiyo wameshaanza kuilipa. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo kuanzia Julai 2023 ilikuwa asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 za nchi hiyo kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na anaweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Mwaka 2015 Kenya iliongeza nafuu ya kodi kwa mwajiri anayechukua wahitimu wa chuo kikuu wasiopungua 10 kwa mafunzo ya kazi ya miezi 6 hadi 12. Tanzania nayo ilitoa miongozo ya kitaifa ya utarajali na uanagenzi mwaka 2017.

Fedha nyingine ziko kwenye vyuo vyenyewe. Mradi wa HEET, unaogharimiwa na dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, ulianza mwaka 2021, na moja ya kazi zake ni kuvisaidia vyuo vikuu vya umma Tanzania kupitia upya mitaala na kukaa meza moja na waajiri. Mwenye kiwanda au mkurugenzi wa fedha anayeitwa kwenye kamati hizo ana nafasi ya kusema anataka mhitimu ajue nini. Asipokwenda, mitaala itaandikwa bila yeye.

Cheti nacho kina uzito wake. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 na Livia Alfonsi, Oriana Bandiera na wenzao ulilinganisha vijana waliofundishwa kwenye vyuo vya ufundi na waliofundishwa kazini. Makundi yote mawili yalinufaika, lakini faida ya waliosoma chuoni ilidumu zaidi, kwa sababu walikuwa na uthibitisho wa ujuzi unaotambulika kwa mwajiri mwingine. Hao hawakuwa wanafunzi wa chuo kikuu, ila funzo linawahusu: barua ya mwisho wa fildi inayosema tu kuwa fulani alikuwepo kuanzia tarehe hii hadi ile haimsaidii sana. Inayotaja kuwa alisuluhisha hesabu za benki za miezi mitatu, alihesabu stoo mara mbili na anatumia vizuri programu ya uhasibu ya ofisi itafungua milango.

Maandalizi yanayohitajika

Mwajiri anayetaka kunufaika hahitaji idara nzima ya rasilimali watu. Anahitaji karatasi moja yenye mambo matano: kazi mbili au tatu mahususi ambazo mwanafunzi atazikamilisha, jina la msimamizi mmoja, nyaraka na mifumo atakayoruhusiwa kufungua, siku ya kila wiki ya kukaa naye kwa dakika thelathini, na kiapo cha kutunza siri za ofisi atakachosaini siku ya kwanza. Katikati ya kipindi msimamizi ampe tathmini ya wazi ili awe na muda wa kurekebisha. Mwishoni mwanafunzi awaeleze wenyeji wake alichokikuta na anachopendekeza, mbele ya mwenye biashara mwenyewe.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Aijue ofisi kabla ya kupeleka barua: inauza nini, inashindana na nani, wateja wake ni akina nani. Ajipime kwenye Excel akiwa bado chuoni, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza atakachoulizwa. Afike mapema, aandike logibuku kila jioni badala ya kuijaza yote wiki ya mwisho, na asisubiri kutumwa anapoona rundo la stakabadhi halijapangwa. Asiidharau ofisi ndogo.

Ofisi za mafunzo kwa vitendo vyuoni hukusanya nafasi miezi kadhaa kabla ya likizo. Mwajiri anayehitaji mwanafunzi wa uhasibu, masoko, ugavi au rasilimali watu awaandikie mapema, kabla ya mitihani ya muhula wa 2, ataje idadi, idara na kazi inayomsubiri kijana, pamoja na posho au nauli atakayoweza kutoa. Chuo kitamletea majina, naye atapata muda wa kuwasaili na kuchagua anayefaa.